Matunda ya Ruwenzori yasingoje mashine

Siku hizi video moja inapita sana katika simu za vijana wa Butembo na Beni. Mtu anakata ndizi vipande vyembamba, anavipanga ndani ya mashine ndogo ya mezani inayopuliza hewa moto, anafinya kitufe, na baadaye vipande vinatoka vikavu, vinalia kati ya meno. Hakuna mafuta, hakuna moshi. Wengi wanatazama, wanacheka, wanasema hayo ni mambo ya Ulaya, kisha wanafunga simu.

Wanakosea nusu. Mashine ni ya mbali, kweli. Lakini matunda ni ya hapa, na shida ambayo mashine hiyo inatatua ni ya hapa zaidi kuliko Ulaya.

Kila anayejua soko la Bulongo, la Mutwanga au la Oicha anajua jambo hili. Asubuhi mama anataja bei ya nanasi au ya ndizi zake. Saa sita anapunguza. Jioni, mawingu yakishuka kutoka mlimani na pikipiki ya mwisho ikiwa karibu kuondoka, anachukua franga yoyote anayopewa. Mnunuzi anajua kwamba tunda bivu halirudi nyumbani. Anayeuza kitu kinachooza kesho hana nguvu ya kubishana leo.

Usalama mbaya umeongeza uzito wa mzigo huo. Mauaji yalianza kuandama eneo la Beni mwaka 2014, na tangu mwisho wa 2020 sekta ya Ruwenzori nayo imeonja uchungu huo, pamoja na vijiji kama Loselose na Mwenda. Watu wengi waliokimbia hawakai kambini. Wanakaa katika nyumba za ndugu na za wapokeaji, familia mbili au tatu katika uwanja mmoja. Anayethubutu kurudi shambani anakwenda haraka, anavuna kwa wingi siku moja, anatoka mbio. Matunda yote yanafika pamoja, na yote yanaiva pamoja. Hakuna tumbo wala soko la kuyamaliza kwa siku tatu.

Sasa, mashine ile. Nyingi zinakula wati 1,500 hivi zikiwa kazini. Familia yenye kibao cha jua cha wati 100, cha kuwasha taa na kuchaji simu, ingehitaji vibao 15 vya namna hiyo, na jua kali, ili iiendeshe. Mutwanga imepata umeme wa maji wa Virunga tangu 2013, na umeme huo umeleta kiwanda cha sabuni na cha chokoleti. Lakini kwa nyumba nyingi za Beni, Oicha na Butembo, kuwasha chombo kama hicho kwa masaa ni ndoto. Kumwambia mkimbizi anunue ni kumdhihaki.

Hata hivyo, ndani ya mashine hiyo hakuna siri. Kuna joto na kuna hewa inayotembea, basi. Na watu wa Ruwenzori ni mafundi wa kukausha. Kakao inakaushwa, kahawa inakaushwa, mihogo inakaushwa, kila siku ya jua, juu ya shitingi na vitanda vya miti. Mwenye kujua kugeuza kakao hadi ikauke vizuri hashindwi na ndizi.

Kazi yenyewe ni hii. Tunda liwe limeiva lakini bado gumu. Mikono, kisu na ubao vioshwe kwa maji safi. Ndoo zenye bomba ambazo Beni na Butembo zilijifunza kutumia wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, zina kazi hapa tena. Vipande viwe vyembamba, milimita 3 hivi, na vyote vya unene mmoja, maana kinene kikibaki na maji kinaozesha vyembamba. Ndizi ziloweshwe dakika chache katika maji yenye ndimu ili zisigeuke nyeusi. Kisha vipande vitandazwe juu ya wavu safi ulioinuliwa toka chini, visigusane, vifunikwe kwa chandarua kipya kisicho na dawa, kwa ajili ya inzi na vumbi. Sanduku la mbao lenye plastiki angavu juu, chini jeusi, na matundu ya kupitisha hewa, linakausha haraka zaidi na linalinda na mvua ya ghafla. Jioni vyote viingie ndani. Januari na Februari, kisha Juni na Julai, ndiyo miezi ya kutegemea zaidi. Nje ya hapo ni kuviziana na mawingu.

Kipimo ni rahisi: kipande kipoe kwanza, kisha kivunjwe. Kikilia na kukatika, kimekauka. Kikijikunja, kirudi juani. Embe na papai kwa kawaida hubaki laini kama ngozi, na hakuna ubaya. Lakini vilivyokauka viingie siku hiyo hiyo katika chombo kinachofungwa kabisa, la sivyo unyevu wa Ruwenzori utavilainisha na kuleta ukungu. Chenye ukungu kitupwe, hata kama roho inauma.

Faida ipo katika hesabu. Kilo 10 za ndizi zilizomenywa zinabaki chini ya kilo 3. Kilo 10 za nanasi lililomenywa zinabaki kilo 1 na nusu hivi. Mzigo uliohitaji pikipiki unaingia katika mfuko wa mkononi. Na mama aliyekuwa analazimishwa bei jioni anaweza kusema: leo siuzi. Neno hilo tu lina thamani.

Wapo watakaosema kwamba watu wanakufa, na hapa kunazungumzwa vipande vya ndizi. Ni kweli kwamba amani inatangulia, na kwamba matunda makavu hayashiki nafasi ya foufou na maharagi. Hakuna anayepaswa kuwadanganya wakimbizi kwamba watatajirika. Lakini kungoja amani hakuzuii nanasi kuoza. Na karo ya mtoto haingoji pia.

Kinachotakiwa ni kidogo, na ni cha pamoja. Sanduku moja la kukaushia katika uwanja wa parokia, wa shule au wa kartye, lingetosha familia kadhaa kwa zamu. Mpokeaji ana uwanja na pengine ana migomba. Mkimbizi ana mikono na siku ndefu zisizo na shamba. Leo wawili hao wanagombania sufuria moja na choo kimoja. Wakigawana kilichokauka, nusu kwa nusu, mmoja hatakuwa tena mzigo wa mwingine. Mashirika yanayoleta semina yalete pia wavu, mbao na mitungi yenye vifuniko. Na wenye umeme wa maji wafikirie chumba kimoja cha kukaushia kwa siku za mvua, kwa bei ambayo mama wa sokoni anaiweza.

Mashine ya kwenye simu itafika siku moja, ikitaka. Jua limeshafika, na wiki hii kuna ndizi zinazoiva.