FUNDI AULIZWE KABLA YA MTAMBO KUNUNULIWA



Mara hii twataka kusema juu ya kazi ya mafundi wa mitambo ya picha na sauti katika vyumba vya masomo vya chuo kikuu. Sisi tunaoandika maneno haya tumo katika kazi hiyo. Lakini jambo lenyewe si letu peke yetu. Mpishi ameletewa jiko asiloulizwa, dereva ameletewa gari asiloulizwa, na mpiga chapa ameletewa mashine isiyo na spea. Kwa hiyo kila mfanya kazi asome, kisha ajipime.

Saa mbili asubuhi wanafunzi mia tatu wamekaa katika ukumbi. Mwalimu atia waya katika kompyuta yake, abonyeza swichi, ukuta wabaki mweupe. Abonyeza tena. Dakika tano zapita, kumi zapita. Halafu simu yalia katika chumba chetu: "Nyinyi watu wa mitambo mko wapi?" Twakimbia na ngazi begani. Tukifika twatazamwa kana kwamba sisi ndio tulioiba ile picha. Mwalimu ana hasira, na haki anayo, maana saa yake imepotea. Wanafunzi nao wana haki, kwa sababu wamelipa karo. Lakini hakuna aulizaye ni nani aliyechagua mtambo ule, wala ni nani aliyeamuru utundikwe mahali pale.

Sisi twajibu bila woga: si sisi.

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi kidogo. Ile mashine ya kurusha ukutani maandishi yaliyo juu ya karatasi ya nailoni ilikuwa na taa, feni, kioo na lenzi, basi. Taa ikiungua, fundi alitia nyingine kwa dakika mbili na mwalimu akaendelea. Mashine ya slaidi ilikuwa vivyo hivyo, na kampuni ya Kodak iliacha kuzitengeneza mwaka 2004. Siku hizi picha yatoka katika kompyuta, yapita katika waya, yaingia katika kisanduku cha kuchagulia, yapita tena katika waya mrefu, ndipo ifike kwenye projekta iliyo darini. Sauti nayo ina njia yake kutoka kipaza sauti mpaka amplifaya mpaka spika. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo wote umekufa. Tena vitundu vya waya vyabadilika kila mara. Kile cha VGA kilitoka mwaka 1987, cha HDMI kikatoka mwaka 2002, na sasa ziko kompyuta nyingi zenye kitundu kidogo cha USB peke yake. Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, kamera nazo zimeongezwa ili masomo yapelekwe kwa mtandao. Mitambo imeongezeka. Hapa kwetu mafundi hawakuongezeka.

Sasa tuwaeleze habari ya ukumbi mmoja tunaoutunza. Ulitengenezwa upya, ukapakwa rangi, ukatiwa viti vipya na mitambo mipya. Siku ya kuufungua ulipigwa picha nyingi. Sisi tuliitwa siku hiyo kubeba viti. Hatukuitwa hata siku moja wakati michoro ilipokuwa mezani.

Kosa la kwanza ni mahali pa projekta. Imetundikwa juu ya viti vilivyopangwa kwa ngazi ngazi na kufungwa sakafuni kwa skrubu. Chini yake hakuna mahali sawa pa kusimamisha ngazi ya fundi. Ili kusafisha chujio la vumbi, kazi ya robo saa, yatubidi kupanga mbao juu ya viti, na mmoja wetu kushika miguu ya mwenziwe. Ingalitundikwa mita chache mbele, juu ya sakafu iliyo sawa, na lenzi ikachaguliwa kufuatana na umbali huo, taabu hii isingalikuwapo.

Kosa la pili ni waya. Walipitisha waya wa kawaida wa HDMI, mrefu kuliko mita 20, ndani ya ukuta, kisha wakapiga lipu juu yake bila bomba. Waya wa namna hiyo ukipita mita 15 hivi huanza kuleta taabu: picha yaja, yakatika, yarudi tena. Fundi angalisema, "Wekeni bomba, na ndani yake pitisheni waya kama ule wa mtandao wa kompyuta, wenye visanduku vya kugeuzia kila upande." Njia hiyo yaweza kupeleka picha mpaka mita 100. Na bomba likiwapo, waya ukifa twauvuta na kutia mwingine. Sasa ili tubadili waya mmoja lazima ukuta uvunjwe.

Kosa la tatu ni ukubwa wa picha. Mafundi wa kazi hii wana kanuni nyepesi: mtu anayesoma maandishi asikae mbali kupita mara sita ya urefu wa picha kutoka chini hadi juu. Ukumbi wetu una mita 18 kutoka ukutani mpaka benchi la mwisho. Kwa hiyo picha yapasa iwe na urefu wa mita 3. Iliyowekwa ina mita 1 na nusu. Fanyeni hesabu wenyewe: mwisho wa kusoma vizuri ni mita 9, nusu ya ukumbi. Mwanafunzi wa nyuma ataona rangi tu. Wanafunzi hao husemwa kwamba ni wavivu, ati wanapenda kukaa nyuma kucheza na simu.

Kosa la nne ni sauti. Kuta ni za saruji tupu na paa ni la mabati. Neno likitoka lapiga ukuta na kurudi juu ya neno la pili. Wanafunzi walipolalamika, wakubwa waliagiza spika nyingine mbili. Sasa kelele imezidi na maneno hayasikiki vilevile. Mwangwi hauponi kwa spika. Wapona kwa vitu vya kumeza sauti, kama mapazia mazito, vibao laini vya ukutani na dari ya chini. Huko Marekani walitoa kipimo mwaka 2002 kwamba katika darasa dogo mwangwi usipite sekunde 0.6. Hatusemi tuige kila kitu cha watu, ila twasema kwamba jambo hili lina kipimo chake na lajulikana. Na mvua ikinyesha juu ya mabati, hakuna spika itakayoshinda.

Baada ya kujenga yaja matunzo, na hapa ndipo penye uchungu zaidi. Taa ya projekta ya namna ya zamani hudumu baina ya saa 2,000 na 4,000 hivi. Chumba kikitumika saa 8 kwa siku, siku 5 kwa juma, majuma 30 kwa mwaka, ni saa 1,200. Basi siku ile projekta inanunuliwa, mtu yeyote mwenye kalamu aweza kusema kwamba taa itakufa baina ya mwaka wa pili na wa nne. Si ajali, wala si uchawi. Lakini fedha za taa haziandikwi popote. Taa ikifa, barua yaanza kutembea kutoka ofisi mpaka ofisi, na ukumbi wakaa gizani miezi. Katika miezi hiyo fundi ndiye asemwaye.

Wako wasemao, "Nunueni zile za mwanga wa leza." Ni kweli, hizo hutajwa kudumu saa 20,000, na sisi twazipenda. Lakini nazo zataka kusafishwa vumbi, zataka umeme mzuri, na mwanga wake ukifa si kama taa ya kuchomoa na kutia nyingine. Mara nyingi ni mtambo mzima. Hakuna chombo kisichotaka matunzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umeme nao tuuseme. Projekta ya taa yataka feni yake iendelee kuzunguka baada ya kuzimwa, ili taa ipoe. Umeme ukikatika ghafula, feni yasimama na taa ikali moto. Taa huumizwa hivyo mara nyingi kabla ya saa zake. Betri ndogo ya akiba ingalitosha kwa dakika hizo chache. Bei yake si kitu mbele ya bei ya taa na projekta, lakini haikutiwa katika orodha, kwa sababu aliyeandika orodha hajapata kusimama gizani chini ya projekta yenye moto.

Ndugu, tukumbuke pia miili yetu. Taa hizo zina zebaki ndani yake, na zaweza kupasuka. Umeme wetu ni volti 240. Ngazi yetu ina mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri amlinde mfanya kazi wake. Glavu, miwani, ngazi nzima na mtu wa pili wa kushika ngazi, hivyo si zawadi. Ni haki.

Tena liko jambo la vibarua. Katika kazi yetu wamo vijana wanaofanya kazi mwezi baada ya mwezi bila mkataba. Sheria ya ajira ya mwaka 2007, fungu la 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Tusipoidai sheria hiyo itabaki karatasini. Na hasara si ya kijana peke yake. Kijana huyo ndiye ajuaye waya gani wapita wapi. Siku akiambiwa asirudi, maarifa yote yatoka naye langoni.

Sasa tuseme ukweli na juu yetu wenyewe, maana chama kisichojisema hakisikilizwi. Wako mafundi wanaoficha maarifa ili waitwe wao tu. Wako wasiotia alama katika waya, hata anayekuja nyuma yao huvuta waya kama mtu avuaye samaki. Wako wanaotengeneza bila kuandika. Hii haifai kabisa. Kila chumba kiwe na kitabu chake kinachosema mtambo gani upo, umeanza lini, taa ina saa ngapi, uliharibika lini, na nani aliutengeneza. Tukienda mbele ya wakubwa na kitabu, tutasikilizwa. Tukienda na manung'uniko matupu, tutaambiwa turudi kesho.

Wakubwa hutujibu kwamba kampuni iliyouza mtambo ina dhamana ya kutengeneza. Ni kweli, lakini dhamana ina mwisho wake, na ukumbi hauna. Dhamana ikiisha, kampuni huja kwa malipo na kwa siku iipendayo. Fundi wa chuo yuko pale pale kila siku. Hutujibu pia kwamba fundi hajui mambo ya tenda. Sisi hatutaki kugawa tenda. Twataka kusema tu kwamba ngazi haitasimama hapa, waya huu ni mrefu mno, picha hii ni ndogo. Maneno matatu kama hayo yangaliokoa fedha nyingi za umma. Nayo sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 yataja halmashauri ya kukagua na kupokea mali. Basi fundi atakayeutunza mtambo awe mmoja wao, aujaribu kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.

Kwa hiyo twataka mambo haya:

1. Fundi atakayetunza aitwe wakati michoro ingali mezani, na aitwe tena siku ya kupokea mitambo.

2. Vyumba vyote vifuate mpango mmoja, vitundu vilevile, swichi zilezile, mahali palepale. Mwalimu ajuaye chumba kimoja avijue vyote, na spea moja ifae popote.

3. Kila mtambo unaponunuliwa, fedha za taa, machujio na waya za miaka yake ziandikwe siku hiyo hiyo.

4. Vyombo vya usalama vitolewe, na mtu asipande ngazi peke yake.

5. Vibarua waliotimiza masharti ya sheria wapewe mikataba, na mafundi wote wapelekwe masomoni kila aina mpya ya mitambo inapoingia.

Waalimu si adui zetu. Saa mbili asubuhi ukuta ukiwa mweupe, mwalimu na fundi wote wawili wamefedheheshwa kwa kosa la mtu wa tatu asiyekuwapo. Twawaomba waalimu watusaidie kuuliza swali lile: nani alichagua?

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi ndio tunaokilalia kitanda hiki. Katibu wa tawi anaandika majina ya mafundi watakaohudhuria mkutano na wakubwa juu ya ukumbi unaofuata, ambao michoro yake bado iko mezani. Kila mmoja alete kitabu cha chumba chake.

Umoja ni nguvu.