Kabla Mwanao Hajatia Sahihi

Mwezi huu ukurasa wetu wa michezo, sinema na vitabu unagusa jambo ambalo wengi tumewaachia akina baba: mkataba wa mchezaji wa mpira. Huku kwetu, toka Shinyanga mjini hadi Geita, vijana wengi huota mambo mawili, mgodi au uwanja. Uwanja nao ni mahali pa kazi, na penye kazi hapakosi ugomvi wa ujira.

Tumeyaona kwetu wenyewe. Stand United, iliyozaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, kisha ikapata udhamini wa kampuni ya dhahabu ya Acacia. Mwaka 2016 wenye timu wakagawanyika, hawa wakitaka klabu ya wanachama, wale wakitaka kampuni. Mdhamini akajitoa, na mwaka 2019 timu ikashuka daraja. Geita Gold nayo ilipanda mwaka 2021 na kushuka mwaka 2024. Timu ikiyumba, kijana aliyekuwa akituma fedha nyumbani huyumba nayo.

Ugomvi uliovuma kuliko yote ni wa Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aitwaye Fei Toto. Desemba 2022 aliiaga Yanga, hali mkataba wake ulikuwa unafika 2024. Aliilipa klabu shilingi milioni 112, akiamini kwamba hiyo ndiyo bei ya kuuvunja. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kuwa yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Nusu msimu ikapita hachezi. Mama yake mzazi akajitokeza hadharani kumtetea, na habari ya ugali na sukari ikawa kichekesho cha kila kijiwe. Juni 2023 Rais Samia akaisihi Yanga iyamalize, naye Feisal akaenda Azam.

Mimi simcheki mama yule. Nani kati yetu angenyamaza? Lakini sauti ya mama ina nguvu zaidi siku ya kutia sahihi kuliko siku ya ugomvi. Basi, mama mwenzangu, kabla kalamu haijashikwa, uliza: Mshahara ni kiasi gani, na unalipwa lini? Akivunjika mguu, nani atamtibu? Akitaka kuondoka kabla ya muda, sharti ni lipi? Nakala moja ya mkataba ibaki nyumbani, kabatini mwako.

Fahamu pia kanuni za FIFA. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba unaozidi miaka mitatu. Na klabu isipomlipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha haki, mchezaji aidai kwa maandishi na kuipa siku zisizopungua 15. Isipolipa, anaweza kuondoka kwa haki. Kumbe kuna njia isiyohitaji matusi wala kutoroka kambini.

Anayependa kusoma atafute riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Inasimulia maisha ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Msome pamoja na mwanao, naye ataona kwamba kudai ujira hakukuanza na wachezaji. Riwaya nyingine ya mwandishi huyo, Vuta N'kuvute, ilifanywa sinema na Amil Shivji mwaka 2021. Ina habari ya binti aliyeozwa kwa mume mzee. Itazameni kwanza baba na mama, kisha mwamue kama inawafaa watoto.

Neno la Mungu lina pande mbili katika jambo hili. Yakobo 5:4 inawaonya matajiri wanaozuia ujira wa wafanyakazi wao. Zaburi 15:4 inamsifu mtu ambaye akiisha kuapa habadiliki, hata kama anapata hasara. Mwanao na aijue haki yake, tena alitunze neno lake. Yote mawili huyajifunza kwako, jikoni, muda mrefu kabla hajavaa jezi.