Boma Lilikuwako, Lakini Kilima ni cha Nani?

Twafundishwa ya kuwa Wanormani walipovuka bahari mwaka 1066 na kuishinda Uingereza, walijenga maboma upesi upesi. Walichimba handaki la duara, udongo wakaurundika katikati hata ukawa kilima, na juu yake wakasimamisha mnara wa mbao na ua wa magogo. Katika kile kitambaa maarufu cha Bayeux wameshonwa watu wa Hastings wakifanya kazi hiyo kwa majembe, na huko Dinan askari wakiutia moto ua wa boma. Mbao ziliungua au zilioza, udongo ukabaki. Basi mtu akiona kilima cha duara, kilele bapa, handaki chini, hunena mara moja: hili ni boma la Wanormani.

Mimi sikubaliani na haraka hiyo.

Huko Marlborough, katika Wiltshire, kiko kilima cha namna hiyo katikati ya majengo ya shule, kimo chake mita 19 hivi. Boma la wafalme lilikuwako kweli juu yake, wala simbishii mtu hapo. Mwaka 1267 Mfalme Henry wa Tatu alikutana na wakuu wake mjini humo, wakatunga sheria. Lakini mwaka 2010 wataalamu walikitoboa kilima toka kileleni hata chini, wakatoa udongo wa kila tabaka. Mlikuwa na vipande vya makaa ndani yake. Vilipopimwa umri vilionekana kuwa vya mwaka 2400 K.K. hivi. Maana yake Wanormani walikikuta kilima kimekwisha kupita miaka 3000! Na cha Skipsea, katika Yorkshire, alipojenga bwana wa Kinormani aitwaye Drogo, kimeonekana nacho kuwa cha tangu mwaka 500 K.K. hivi.

Rafiki yangu mmoja, tuliyebishana naye bwenini hata taa zikazimwa, asema hayo si kitu, kwa kuwa mfalme alikaa pale. Nami namwuliza: mgeni akihamia nyumba ya babu yako na kuipaka chokaa, utasema ndiye aliyeijenga? Maelfu ya vikapu vya udongo vilibebwa na watu ambao hata majina yao hatuyajui. Kazi yao tumempa mtu aliyekuja kuikalia tu.

Haki yake rafiki yangu nampa: vilima vingine vilivyotobolewa vimeonekana kuwa vya Wanormani hasa, na kutoboa kila kilima ni gharama kubwa. Lakini maswali ni mawili, naye anayafanya moja. Matundu ya nguzo juu ya kilima yatatuambia kama palikuwa na boma. Ni nani aliyekirundika, hayo tuyatafute chini, penye makaa. Na mpaka yapatikane, kibao cha wageni kiandikwe "boma lilikuwa hapa" na kiishie hapo.