Mahame Si Kiwanja Kitupu

Katika mafunzo ya usanifu wa majengo na upangaji wa miji, mwanafunzi hupewa kazi moja ambayo sura yake haibadiliki sana mwaka hata mwaka: achague mahali penye mabaki ya kale, kisha achore makazi mapya yatakayokaa pamoja nayo. Kazi yenyewe ni njema. Ubaya umo katika namna inavyotolewa. Mwanafunzi hupewa ramani yenye mistari ya miinuko, hupewa vipimo vya eneo, huambiwa idadi ya nyumba zinazohitajiwa; lakini hapewi hata neno moja la watu wanaokaa mahali pale. Nashikilia kwamba mchoro unaoanza hivyo ni uvamizi uliopigwa rula, hata kama mistari yake imenyoka. Tena nashikilia kwamba sisi walimu wa Kiswahili tuna fungu letu katika lawama hiyo, na tuna fungu letu katika dawa yake.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Katika karatasi za masomo hayo, ambazo hapa Uganda huandikwa kwa Kiingereza, kila kilichobomoka na cha kale hutiwa katika kapu moja. Kiswahili hakikuridhika na kapu moja. Gofu ni jengo lililobomoka, kuta zikabaki pasipo paa. Tongo ni mahali palipokuwa na makao ya watu. Nyumba zimekwisha, labda umebaki mwembe na mafiga. Ganjo ni mahali palipokuwa na mji, sasa hapana mji. Na mahame ni mahali palipohamwa. Neno hili la mwisho latokana na kuhama, nalo humlazimisha msikiaji aulize: Nani alihama? Kwa nini? Amekwenda wapi, na amemwachia nani makaburi yake? Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza maswali hayo manne hawezi tena kuiona ardhi ile kama kiwanja kitupu. Asiyefundishwa hana la kumzuia.

Mwanafunzi wa Kampala anayetafuta mabaki ya kale haendi mbali. Hukitazama kilima cha Kasubi, yalipo makaburi ya Makabaka wanne wa Buganda: Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Muteesa II. Nyumba kubwa ya mviringo iitwayo Muzibu Azaala Mpanga ilijengwa mwaka 1882 kuwa ikulu, na mwaka 1884, alipofariki Muteesa I, ikageuzwa kuwa kaburi lake. Eneo lote lina karibu hekta 27, na mwaka 2001 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jambo ambalo mchoraji hulisahau ni kwamba sehemu kubwa ya hekta hizo ni mashamba yanayolimwa kwa desturi za zamani, na kwamba pana nyumba, pana walinzi, pana wenye vyeo vya kurithi ambao kazi yao ni kukaa pale. Katika ramani isiyo na majina, mashamba hayo huonekana kama nafasi nyeupe. Nafasi nyeupe humwita mchoraji kama vile asali imwitavyo nzi.

Tarehe 16 Machi 2010 nyumba ile iliteketea kwa moto. Kwa hesabu ya kapu moja, siku ile Kasubi pakawa gofu. La hasha! Walinzi hawakuhama. Ukoo wa Ngeye, ambao ndio wenye haki ya kuezeka nyumba hiyo, haukuteketea. Hazikuteketea koo 52 ambazo idadi yake huonyeshwa na pete 52 za dari yake. Mwaka ule ule UNESCO ikapaweka mahali hapo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ujenzi ukaendelea kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 pakaondolewa katika orodha hiyo. Fundisho la moto ule ni wazi kwa mwenye macho: miti na matete viliungua, lakini mahali pakaendelea kuwa mahali kwa sababu watu wake walikuwa na majina, vyeo na kazi. Mchoro usioonyesha vyeo hivyo umeacha nje kile hasa kilichoiinua nyumba tena kutoka majivuni.

Wako wasemao kwamba kupanga makazi mapya kando ya ya kale ni elimu ngeni, na kwamba hatuna budi kuipokea kama ilivyokuja. Wanaosema hivyo hawajaisoma Buganda. Mji mkuu wa Kabaka, yaani kibuga, ulihama mara nyingi. Speke alimkuta Muteesa I kwenye kilima cha Banda mwaka 1862. Stanley aliukuta mji huo Rubaga mwaka 1875. Mwisho wake ulikuwa Kasubi. Kila mji mpya ulipangwa upya, lakini kwa utaratibu unaojulikana: ikulu juu ya kilima, barabara pana zikitoka malangoni, na machifu wakipewa viwanja kwa upande unaoelekea majimbo yao, hata mgeni aliyeujua mji akawa ameijua ramani ya nchi. Na makao ya mfalme aliyekufa hayakusahauliwa; yaliwekewa watu wa kuyatunza. Jimbo la Busiro limepata jina lake kutokana na amasiro, yaani makaburi ya wafalme. Basi watu hawa walijenga miji mipya kando ya ya kale kizazi baada ya kizazi, kabla hakijafunguliwa chuo chochote cha usanifu katika Afrika Mashariki. Mwanafunzi anayeletewa mifano ya Roma na Athens tu, asionyeshwe Busiro, amedhulumiwa.

Na dhuluma hiyo ina historia yake. Mwaka 1947 ilitolewa taarifa ya kuupanua mji wa Kampala upande wa Kololo na Naguru. Mwandishi wake alikuwa Ernst May, msanifu mashuhuri kutoka Ujerumani, aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki wakati huo. Hakuna anayekana ustadi wake. Lakini kibuga cha Mengo, penye watu wengi na utaratibu wa miaka mingi, kilikuwa nje ya mpaka wa mji wa serikali ya kikoloni, na kalamu ya mpangaji ikakoma penye mpaka. Ng'ambo ya mpaka huo paliachwa pajipange penyewe, kisha pakalaumiwa kwa kutokuwa na mpango. Mengo iliunganishwa na Kampala mwaka 1968, lakini mpaka ule haujafutika katika vichwa vya watu. Kila mchoro unaoweka nyumba nadhifu upande mmoja, na upande wa pili ukaandika tu "makazi holela", unauchora mpaka ule upya.

Sasa niwajibu wapinzani wawili. Wa kwanza asema: yazungushieni mabaki ya kale ua wa waya, watu wakae mbali, nayo yatahifadhika. Nakubali kwamba pako mahali panapostahili kuachwa pasijengwe hata kibanda. Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga, penye mahandaki ya kale yenye urefu wa zaidi ya kilometa kumi, ni mahame ya kweli. Akichora nyumba ndani ya mahandaki yale mwanafunzi, na apewe sifuri. Lakini ua si dawa ya kila mahali. Tazameni Kilwa Kisiwani. Magofu yake na ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatangazwa kuwa hatarini mwaka 2004, yakatoka katika hatari mwaka 2014. Wakati wote huo kisiwa kilikuwa na wanakijiji wake, wavuvi na wakulima, wanaoishi karibu na msikiti mkuu na njia ziendazo Husuni Kubwa. Kuwahamisha hao ili mgeni apate picha isiyo na watu ni kuyafanya mahame kwa mkono mahali ambapo hayakuwapo.

Mpinzani wa pili ni mkali zaidi. Asema: mji unafurika, watu wanahitaji nyumba, ninyi walimu mwatuletea misamiati. Mchoro hauna lugha. Namjibu kwamba mchoro una lugha, na ubaya ni kwamba huijui unayoitumia. Chukueni neno wikio. Kule Lamu, wikio ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, jamaa wapate kupita bila kushuka njiani. Chukueni daka, pale mlangoni mgeni anapokaribishwa kabla hajawa mgeni wa ndani. Katika neno moja pana sheria ya ujirani, pana kipimo cha stara, pana kivuli. Anayelijua neno huijua haja. Anayeijua haja aweza kuijenga hata kwa matofali ya saruji na mabati. Asiyelijua atawajengea watu safu za vyumba, kisha atashangaa mwaka wa pili akiona wamebomoa ukuta na kutoboa mlango mahali pasipochorwa mlango. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Walimu wenzangu, hapa pana neno la kutuuma sisi wenyewe. Miongoni mwa waliolala Kasubi yumo Kabaka Daudi Chwa II, ambaye mwaka 1929 alipinga kwa maandishi mpango wa serikali ya kikoloni wa kukieneza Kiswahili katika Buganda, akihofia kwamba lugha ya watu wake ingesukumwa pembeni. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tumeshangilia, na ni haki yetu. Lakini hofu ya Kabaka yule haikuwa ya kijinga, nayo haijibiwi kwa shangwe. Hujibiwa kwa adabu. Tukipanda Kasubi na kamusi mkononi ili tuyafute majina tuliyoyakuta, tutakuwa tumefanya kwa ulimi kile tunachowalaumu wasanifu kwa kukifanya kwa kalamu. Kibuga kibaki kibuga. Lubiri ibaki lubiri. Bujjabukula, ile nyumba ya lango la Kasubi, isitafsiriwe ikawa "kibanda cha mlinzi". Kiswahili kimepokea maneno kutoka pande nyingi bila kupungukiwa. Na kiyapokee haya, kiyaeneze hadi Mombasa na Dodoma. Na mgeni tunayempeleka pale awe yule wa methali: njoo, mwenyeji apone.

Basi nadai mambo matatu, wala si makubwa. La kwanza: kabla ya mstari wa kwanza, mwanafunzi aandike kurasa mbili za maelezo ya mahali, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, zenye jina la kila njia, kila kisima, kila kaburi na kila shamba, pamoja na cheo cha anayelitunza. Mwalimu wa lugha azisahihishe kurasa hizo, nazo zihesabiwe katika alama. La pili: siku ya kuitetea kazi yake, miongoni mwa wasikilizaji wawepo wenyeji wawili au watatu wa mahali penyewe, na maelezo yatolewe kwa lugha wanayoifahamu. Mchoro usioweza kuelezwa kwa anayekaa pale haufai kujengwa pale. La tatu linatuhusu sisi: katika masomo yetu ya ufahamu na insha, tuache kurudia tu safari za sokoni na sikukuu, tuwape wanafunzi Kasubi, Busiro, Bigo, Kilwa na Gedi, wajifunze tofauti ya gofu na mahame wakiwa bado wadogo, kabla hawajashika rula.

Atakayesema kwamba madai haya yatachelewesha ujenzi, namwambia kwamba nyumba zilizojengwa juu ya makaburi ya watu na mashamba yao huchelewa zaidi, kwa kuwa huishia barazani kwa hakimu. Mji wa Kampala utaendelea kupanda vilima vyake, tupende tusipende. Lililo mikononi mwetu ni kuhakikisha kwamba kijana atakayeuchora, siku atakapofika mahali penye ukimya na mawe ya kale, atabisha hodi kwanza, na kungoja aitikiwe.