Taa za juu ya paa: hatari huanzia kwenye waya

Matangazo ya Jeshi la Polisi, kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, kuhusu magari yaliyofungwa taa za ziada zenye mwanga mkali si mapya, na kila yanapotolewa hupokelewa kwa namna mbili. Waendesha bodaboda na madereva wa mabasi ya mikoani, ambao ndio wanaokutana na mwanga huo uso kwa uso, huyaunga mkono. Wamiliki wa magari ya kazi za porini nao huuliza swali lisilopaswa kupuuzwa: gari linalokwenda kumchukua mama mjamzito kijijini saa nane usiku litaonaje korongo lililochimbwa na mvua ya jioni?

Swali hilo lina uzito. Mtandao wa barabara unaosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) unazidi kilomita 144,000, na sehemu kubwa yake ni ya udongo, isiyo na taa wala alama za pembeni. Magari ya wagonjwa, ya mafundi wa umeme na ya askari wa wanyamapori hupita humo usiku kwa lazima. Hoja hiyo hupungua nguvu inapotolewa kwa ajili ya magari ya utalii, kwa kuwa ndani ya hifadhi za taifa matembezi ya usiku hayaruhusiwi bila kibali maalumu. Taa ndefu ya LED iliyo juu ya paa la gari la namna hiyo, mara nyingi, ni pambo.

Tatizo la kwanza ni kimo. Taa za kawaida za Land Cruiser ziko karibu mita moja kutoka ardhini, ilhali taa ya paani iko karibu mita mbili, juu ya macho ya dereva wa gari dogo na ya mwendesha pikipiki. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, chombo hupita mita 22 kila sekunde, hivyo anayepofushwa kwa sekunde tatu tu huwa amekwenda mita 66 bila kuona mbele.

Hata kwa aliyeifunga, faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mwanga unaotoka karibu na usawa wa macho ya dereva hufuta vivuli, na kivuli ndicho kinachomwonyesha dereva kina cha shimo. Penye vumbi au ukungu mwanga huo humrudia machoni, na boneti nyeupe huuakisi. Kwa sababu hiyo, madereva wazoefu wa njia mbaya huchagua taa za ziada zinazofungwa chini, kwenye bampa.

Tatizo la pili halionekani kwa askari anayesimamisha gari barabarani, kwa kuwa limejificha chini ya boneti. Taa ya LED yenye nguvu ya wati 180 huvuta takriban ampea 15 katika mfumo wa volti 12. Balbu mbili za kawaida za aina ya H4, zenye wati 60 kila moja kwa mwanga wa mbali, huvuta ampea 10. Fundi anayeunga taa ya paa kwenye waya wa taa za mbele huulazimisha waya uliokusudiwa ampea 10 ubebe 25. Waya hupata joto, ngozi yake ya plastiki hulainika, na moto unaweza kuanza. Wapo pia wanaobadilisha fyuzi inayokatika kila mara kwa kuweka kubwa zaidi, jambo linaloondoa kinga pekee iliyokuwapo.

Uunganishaji sahihi unaipa taa hiyo njia yake yenyewe ya umeme. Waya mkuu hutoka kwenye nguzo chanya ya betri, hupita kwenye fyuzi iliyowekwa karibu kabisa na betri, kisha huingia kwenye rilei katika pini namba 30 na kutokea namba 87 kuelekea kwenye taa. Pini namba 85 na 86 hubeba umeme mdogo tu wa kuiamuru rilei. Kwa taa ya ampea 15, fyuzi ya ampea 20 inatosha. Unene wa waya nao hubadilisha matokeo: kutoka kwenye betri hadi paani ni kama mita tano, na kurudi mita tano nyingine. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba hupoteza takriban volti moja katika mwendo huo, ilhali wa milimita 6 hupoteza chini ya nusu volti.

Muhimu zaidi kwa watumiaji wengine wa barabara ni mahali rilei inapopata amri yake. Ikichukua amri kutoka kwenye mwanga wa mbali, maarufu kwa madereva kama fuli, na kupitia swichi yake ya dashibodi, taa ya paa huzimika papo hapo dereva anapopunguza mwanga kwa ajili ya anayekuja mbele. Ikiunganishwa na swichi peke yake, kila kitu hutegemea kumbukumbu ya dereva aliyechoka. Kazi hiyo inahitaji fundi umeme wa magari anayepima kwanza, kwani Land Cruiser nyingi za zamani hukata umeme wa taa upande wa hasi, na baadhi ya magari yaliyotoka Japani hutumia volti 24. Rilei iliyofungwa kwa kukisia ama haitafanya kazi, ama itaunguza koili yake.

Nje ya nchi yapo maeneo yaliyoruhusu taa hizi kwa masharti. Sheria ya jimbo la California, Marekani, inakubali taa za kutumika nje ya barabara kuu, ila inataka ziwe na mfumo wa umeme uliotengwa na wa taa nyingine, na gari likiwa barabarani ziwe zimezimwa na kufunikwa kwa kifuniko kisichopitisha mwanga. Kwa Tanzania, kifuniko pekee hakimwondolei mwenye gari wajibu wake chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, wala hakitengui agizo la polisi. Anayehitaji taa hizo kwa kazi anashauriwa kuuliza kituo cha polisi wa usalama barabarani kabla ya kununua.

Ukaguzi wa magari unaoambatana na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani unatoa nafasi ya kutazama zaidi ya paa. Kufungua boneti na kufuata waya mwekundu kutoka kwenye betri huchukua dakika chache, na fyuzi isipoonekana karibu na nguzo, tatizo limepatikana. Kwa magari ya umma njia iko wazi zaidi: matengenezo yake hufanywa kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), na taa ya ziada kwenye gari la wagonjwa inapaswa kufungwa huko, si katika gereji ya njiani wakati gari likiwa safarini.