Asilimia mbili ni yetu pia

Kila Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, runinga zetu huonyesha watoto. Ni vyema, maana watoto wanahitaji shule na walimu wanaowaelewa. Ila watoto hao hukua. Mimi nina miaka 57, ni fundi wa vyerehani jijini Dar es Salaam, na daktari aliniambia kuwa nina usonji wakati mvi zimeshanijaa kichwani.

Nilijua kupitia kwa mpwa wangu. Mdogo wangu alipompeleka mwanawe kwa daktari bingwa, nilimsindikiza. Akaulizwa: mtoto anakerwa na kelele? Hukasirika ratiba ikivunjwa? Huwakwepa watu machoni? Kila swali lilinihusu. Baadaye nikarudi kwa ajili yangu mwenyewe. Haikunishangaza kwamba utotoni hakuna aliyegundua. Leo Kanner aliandika kuhusu hali hii kule Marekani mwaka 1943, lakini miaka ya 1970, nikiwa shule ya msingi, mtoto wa aina yangu aliitwa mkaidi au mwenye kiburi, basi.

Niliwahi kuwa karani wa stoo. Hesabu zangu zilikuwa safi. Kilichonishinda ni vikao, simu zinazolia mfululizo, na mkubwa anayeagiza "malizia ile kazi" bila kusema ipi wala lini. Kazi zikapotea moja baada ya nyingine, nikabaki na ufundi niliojifunza kwa marehemu baba.

Cherehani ikiruka mishono, ina sababu. Sindano imepinda, au imewekwa kinyume, au uzi umekazwa mno, au ndoano inachelewa kuunasa uzi. Nazikagua kwa mpangilio uleule, siku zote. Bei nimeziandika ukutani, kwa kuwa kupatana bei kunanichosha kuliko kazi yenyewe. Wateja wananitumia ujumbe, hawapigi simu. Mafundi nguo wameshanizoea, na mashine zilizoshindikana kwingine huishia kwangu.

Nikienda kuomba msaada, mambo hubadilika. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Nilihitaji mtaji wa vipuri, nikaenda kuulizia. Ofisa akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akauliza, "Mzee wangu, ulemavu wenyewe uko wapi?" Ripoti ya daktari nilikuwa nayo mkononi.

Jibu liko kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Haikuishia kwenye fimbo nyeupe na kiti cha magurudumu. Inamtambua pia mtu ambaye uwezo wake unabanwa na mitazamo ya watu, mazingira na vikwazo vya taasisi. Foleni yenye kelele, mahojiano ya papo kwa papo na "njoo kesho" isiyo na saa ni vikwazo vya taasisi. Isitoshe, mikopo hii ilijengwa juu ya vikundi. Kumwambia mtu aliyeshindwa ajira kwa sababu ya vikao aunde kikundi chenye vikao ndipo asaidiwe kujiajiri ni kumfungia mlango kwa adabu.

Wapo watakaosema kila mtu atadai ana usonji. Kweli, hakuna kipimo cha damu. Lakini daktari bingwa huchunguza historia ya mtu tangu utotoni, na ripoti yake ina saini na muhuri. Na mitaani kwetu, ambako mtu akiwa tofauti husemwa kuwa amerogwa, sijaona wanaopigania kuitwa hivyo.

Mtoto wa kwanza katika maandishi ya Kanner alikuwa Donald Triplett. Alifanya kazi benki kwa miongo mingi katika mji mdogo wa Forest, Mississippi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na hisa katika benki hiyo, na mji ulimzoea alivyo. Wengi wetu hatukuzaliwa kwenye familia zenye benki. Tunayo halmashauri.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Ripoti ya usonji ya mtu mzima ipokelewe kama ripoti nyingine yoyote ya ulemavu. Mwombaji aruhusiwe kujibu maswali kwa maandishi na kupewa saa kamili ya kuonana na ofisa. Na anayefanya biashara peke yake akopeshwe peke yake, kwa kuangalia daftari lake la mauzo. Langu lina kila senti iliyoingia na kutoka tangu siku niliyofungua. Ofisa atakayetaka kulikagua, karibu, ila anitumie ujumbe kwanza.