Wazee Wenye Nyumba ya Magurudumu

Leo nawaletea habari za wazee. Si wazee wetu wa chini ya mwembe, bali wale wa Marekani. Huko mtu akiisha kustaafu, pengine huifunga nyumba yake au huiuza, akanunua motokaa kubwa ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, meza na hata choo. Kisha huzunguka nchi na mkewe, leo hapa, kesho pale. Mimi naiita nyumba ya magurudumu. Wakati wa baridi wengi hukimbilia kusini kufuata jua, na joto likija hurudi kaskazini. Lakini wapo wanaochoka upesi na starehe hiyo. Kutazama milima ni kuzuri, walakini mtu aliyefanya kazi miaka arobaini, mikono yake humwasha.

Basi kiko chama kiitwacho Habitat for Humanity, ambacho kazi yake ni kujenga nyumba pamoja na watu wa kipato kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chama hicho kilianza kuwakusanya wazee wa namna hiyo, wakaitwa RV Care-A-Vanners. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: neno la msafara na neno la kujali yamefungwa pamoja kama kuni. Magari machache hupanga kukutana mji fulani, na kwa desturi hukaa wiki mbili hivi. Wenyeji huwatafutia mahali pa kuegesha penye maji na umeme. Petroli ni yao, chakula ni chao. Hawalipwi hata senti moja, wala haidaiwi kwamba mtu awe fundi. Asiyejua kushika nyundo hufundishwa papo hapo.

Nyumba za huko kwa kawaida ni za mbao. Ukuta hupigiliwa misumari ukiwa umelala chini, kisha watu husimama safu moja, wakahesabu pamoja na kuuinua wima. Bibi wa miaka sabini anashika upande mmoja, na kijana mwenye kuitaka nyumba anashika upande wa pili.

Ndiyo, mwenye kuitaka nyumba yumo kazini. Hapa nataka tusimame kidogo. Nyumba hizi hazigawiwi bure. Aliyechaguliwa hutoa jasho lake saa mamia, katika nyumba yake mwenyewe na za wenzake, kisha huilipia kidogo kidogo kila mwezi kwa kadiri ya mapato yake. Fedha anazorudisha husaidia kujenga nyumba za wengine. Hapo mwanzo mkopo huo haukuwa na riba kabisa, kwa kufuata agizo la Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, juu ya kumkopesha maskini. Wako watakaosema kwamba kumdai maskini ni ukatili. Mimi nimeona nyumba ya msaada iliyojengwa huku mwenyewe ameketi kivulini akitazama. Mwaka haujaisha, bati likapeperuka, naye akaja ofisini kuuliza watu wa parokia watakuja lini kulirudisha. Tangu siku ile sibishani tena na habari ya jasho.

Mzee mmoja wa kigango chetu, nilipomsimulia haya, aliniuliza: “Na mafundi wa huko, hawanyang’anywi kazi?” Swali zuri. Lakini familia hizi kwa bei ya kawaida zisingeweza kununua nyumba hata kidogo, kwa hiyo fundi asingeitwa. Tena mambo ya umeme na mabomba mara nyingi hufanywa na mafundi wenye leseni. Mimi mashaka yangu ni mengine: gari lile linakunywa petroli kama ng’ombe wa kiangazi. Mtu akikata nchi nzima kwa ajili ya misumari ya wiki mbili tu, afadhali angetuma fedha za petroli. Ila wazee hawa wamekwisha kuwa njiani, nao husimama penye kazi.

Kumbe habari hii ina mzizi wake hapa Afrika. Bwana Millard Fuller, mwanasheria na mfanyabiashara wa Alabama, alikuwa milionea kabla hajatimiza miaka thelathini. Ndoa yake ilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya kukimbizana na mali. Mwaka 1965 yeye na mkewe Linda wakapatana, wakaamua kuuza walivyo navyo na kuwapa maskini. Wakafika Koinonia, shamba la Kikristo karibu na Americus, Georgia, lililoanzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan na wenzake, ambako watu weusi na weupe walikaa pamoja wakati jambo hilo lilipokuwa hatari. Mwaka 1973 wakaenda Mbandaka, katika Zaire ya siku zile, wakajenga kwa mpango uleule wa mkopo usio na riba. Kiwanja kiliitwa Bokotola, maana yake mtu asiyejali wenzake. Zamani za ukoloni kilikuwa ukanda wa kuwatenga Wazungu na Waafrika. Nyumba ziliposimama, pakaitwa Losanganya, yaani wote pamoja. Mwaka 1976 akina Fuller walirudi kwao na kuanzisha chama.

Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alijiunga na kazi hii pamoja na mkewe Rosalynn mwaka 1984, wakaenda New York kwa basi na nyundo zao. Mwezi Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14 usoni. Siku ya pili yake alikuwa Nashville kazini, jicho limevimba. Alifariki mwaka 2024, naye Rosalynn alimtangulia mwaka 2023.

Ama wale wa magari, wiki zao mbili kwa kawaida hazitoshi kumaliza nyumba. Hufuta nyundo, huchomoa waya wa umeme na mpira wa maji, huagana, wakaondoka. Wengi wao hawaioni nyumba ikiwa na mapazia. Kikosi kingine huja kushika pale walipoachia.